Hakuja kumzika mama, sasa anataka kurudi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 17, nasoma kidato cha nne hapa Mtwara, na nyumbani kwetu ni Mikindani. Naomba jina langu lisitokee. Huyu ninayetaka kukueleza habari zake nitamwita Saidi, lakini si jina lake.

Saidi nimekua naye. Jando tuliingia pamoja, shule ya msingi tulikaa dawati moja. Alikuwa anaishi kwa bibi yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa sababu mama yake yuko Dar na baba yake hajulikani alipo. Mama yangu alikuwa anauza vitumbua na mbaazi barazani. Kila asubuhi, kabla hajamuuzia mtu yeyote, alikuwa anatenga sahani mbili, yangu na ya Saidi. Saidi alikuwa akimwita "mama", hivyo tu, bila kutaja jina langu mbele. Wageni walidhani sisi ni ndugu na hatukuwa tunawasahihisha.

Januari 2024 bibi yake alikuwa hajiwezi tena, mjomba wake akaja kumchukua Saidi akaishi naye Lindi, na shule akahamia huko. Tulikuwa tunachati kila siku. Mwezi wa nne mama akalazwa. Saidi alikuja na kosta kumwona. Nilikuwa nimekaa nao, mama akaniambia nikamnunulie maji. Niliporudi nikamkuta Saidi analia na mama amemshika mkono. Sikuuliza. Jioni akarudi Lindi.

Mama alifariki wiki ile ya kimbunga Hidaya, Mei 2024. Wajomba zangu, kaka zake mama, walikuwa njiani kutoka Dar wakakwama Somanga, maana barabara ilikatika. Tulizika bila wao. Kaburini tuliingia mimi, baba na mzee mmoja jirani. Wajomba walifika siku kadhaa baadaye, hitma imeshasomwa, wakalia kama maiti bado yuko ndani.

Lakini Lindi si Dar. Somanga iko huko upande wa Kilwa, na magari ya kutoka Lindi kuja kwetu yalikuwa yanapita. Mama alipokata roho, Saidi nilimtumia ujumbe hata kabla ya kuwaambia shangazi zangu. Akausoma. Hakujibu. Wakati wa kunyanyua jeneza nilikuwa naangalia barabarani. Wenzetu wote tuliotoka nao jando walishika jeneza. Yeye hakuja. Hitma hakuja, arobaini hakuja. Na siku ya tatu ya msiba mtu akanionyesha stetasi yake: yuko uwanja wa Ilulu, amevaa jezi, anacheka. Nikafuta namba yake.

Sasa Idi iliyopita, baada ya Ramadhani, amenitumia ujumbe wa sauti. Anasema: "Mwanangu, najua nimekukosea. Nilishindwa. Nilijiambia nisipoenda, mama atakuwa bado yupo Mikindani anauza vitumbua. Nataka kuja likizo ya mwezi wa sita. Na kuna neno mama aliniambia pale hospitali, siwezi kulisema kwenye simu."

Sijamjibu, ila tiki za bluu ameziona. Bibi anasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, huyo mwache aende zake. Baba anasema msamehe yaishe, halafu anabadilisha mazungumzo. Washikaji wanasema nimpige bloku. Shangazi, ukweli wangu ni huu: lile neno nalitaka, yeye simtaki. Halafu nachukia anavyosema "mama". Mama ni wangu. Lakini likitokea jambo la kuchekesha shuleni, mtu wa kwanza ninayetamani kumsimulia ni yeye yule.

Darasani nimeshuka, na mtihani wa taifa ni Novemba. Usiku silali vizuri. Mbaazi siwezi kula. Nifanyeje?

Mtoto wa Mikindani

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Najua pole umeshapewa nyingi hadi masikio yamezizoea. Hii ipokee tu, huna haja ya kuijibu.

Nianze na hasira yako, kwa sababu naona kila mtu nyumbani anataka kuipitia haraka. Una haki nayo. Kwetu huku Kusini mtu anaweza asije harusini kwako na mkaendelea kupakuliana wali. Asipokuja msibani ni habari nyingine, watu wanaweza kuikumbuka hata baada ya miaka. Na wewe hukumtaka mtu wa mbali. Ulimtaka mmoja, ukamwambia kabla ya shangazi zako, akasoma akanyamaza. Baba anaposema "msamehe yaishe" ananena mema, lakini msamaha wa kuambiwa siku moja na kutolewa siku hiyohiyo mara nyingi huwa ni wa mdomoni. Usiutoe mpaka uwe nao.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Umewataja wajomba zako waliokwama Somanga. Wiki ile ilikuwa ngumu kweli, barabara yetu ya Dar ilikatika pale na watu wakalala kwenye magari, na mwenye haraka aliambiwa azungukie Songea na Tunduru. Wajomba wakafika mmeshazika, mmeshasoma hitma. Je, kuna aliyewafungia mlango? Sikuwepo, lakini najua nyumba zetu: walitandikiwa mkeka, wakaletewa maji, na kilio kikaanza upya kwa ajili yao. Ndivyo tunavyofanya. Mtu aliyekuwa safarini, baharini, jela, au kitandani anaumwa, akija baada ya miezi akasema "nimekuja kuhani, nilichelewa", anapokelewa. Msiba wetu una mlango wa waliochelewa, na haufungwi siku ya arobaini.

Utaniambia Saidi hakukwama popote. Kweli, na hapo ndipo tofauti ilipo, tena nataka uione vizuri ili umkasirikie kwa kosa lake halisi. Wajomba walikwama, lakini simu zao nadhani hazikunyamaza: tuko hapa, daraja limekwenda, tuombeeni. Kosa la Saidi si kutokuja. Kosa lake ni ukimya. Kijana wa miaka 16 anayelelewa na mjomba anaweza kukosa nauli, anaweza kukatazwa, anaweza kuogopa maiti mpaka miguu ikakataa. Yote hayo yanaelezeka. Kukusoma na kutosema hata "nimepata habari", hilo ndilo analopaswa kulijibu, na hakuna mwingine wa kumjibia, hata mimi.

Bibi yako hajakosea na methali yake. Ila methali ile, nadhani, waliitunga watu wazima wenye nauli mfukoni.

Kuhusu ile picha ya Ilulu. Mimi nakaa huku huku Lindi, na vijana wa uwanjani nawaona kila jioni. Wanapiga picha wakicheka hata siku waliyofukuzwa nyumbani. Sisemi Saidi alikuwa na huzuni, kwa sababu sijui. Nasema picha ile haikuambii alichokuwa nacho moyoni, na wewe umeitumia kama ushahidi mwaka mzima. Muulize. Tena muulize hivyohivyo: "Siku ya tatu ulikuwa Ilulu unacheka, nieleze." Kisha nyamaza umsikilize.

Nije kwenye lile lililokuuma zaidi, ambalo barua yako imelipita mbiombio. Mama alikutuma ukanunue maji. Wewe mwanawe, aliyekuwa na wewe kila siku, akakutoa ili azungumze na mwingine. Sidhani ni neno lenyewe peke yake linalokunyima usingizi. Nadhani ni kwa nini aliambiwa Saidi na si wewe. Nimewauguza watu wazima kadhaa katika ukoo wetu, na jambo hili nimeliona zaidi ya mara moja: mgonjwa humwambia mtu wa pembeni yale asiyoweza kumwambia mtoto wake, kwa kuwa akimtazama mtoto wake usoni atashindwa kulimaliza. Anayetolewa nje mara nyingi ndiye ambaye uso wake hauwezi kustahimiliwa. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa mama yako. Nasema usiwe na haraka ya kuamini kwamba ulipitwa.

Na neno hilo lenyewe, mwanangu, jiandae liwe dogo. Watu tunadhani wanaokaribia kufa husema mambo makubwa. Mara nyingi husema: mwangalie mwenzako asiache shule, usiache kwenda kumsalimia bibi yako, yule mteja hajalipa hela ya vitumbua. Ukilisubiri kama hazina, ukaja kuambiwa "alisema tuangaliane", unaweza kumchukia Saidi upya kana kwamba amekuibia sehemu iliyobaki.

Fikiria pia upande wake kwa dakika moja, halafu tutarudi kwako. Aliambiwa neno na mama anayekufa, akarudi nalo Lindi kwenye kosta, nyumba ya mjomba, mji mgeni, mama yake wa kumzaa yuko Dar. Mama yako alipofariki, nani wa Lindi alimpa pole? Pale shuleni alikuwa ni mtoto mgeni aliyefiwa na jirani. Hakuwa na mkeka wa kukaa. Wewe ulikaa, wakaja watu, wakakushika mkono, ukaingia kaburini kwa miguu yako. Yeye hakupata hata kimoja. Alichokuambia, kwamba asipokwenda mama atakuwa bado anauza vitumbua, si maneno ya mtu aliyesahau. Ni maneno ya mtu ambaye hajazika.

Hilo halipunguzi chako. Unasema mama ni wako, na ni wako, hakuna anayekunyang'anya. Lakini sahani ya pili hakuitenga Saidi, wala hakuitenga jirani. Aliitenga mama mwenyewe, kila asubuhi, kabla ya biashara kufunguliwa. Huwezi kumfukuza Saidi kwenye neno "mama" bila kumbishia marehemu. Umkasirikie kwa ukimya wake kadiri unavyotaka. Hilo la kumwita mama, mwachie.

(Wazazi mnaosoma hapa, niwape lenu. Msibani watoto tunawatuma maji, viti na majamvi, na wanaonekana wako sawa kwa sababu wanakimbia huku na huku. Marafiki wa mtoto aliyefiwa ndio hatuwaoni kabisa. Mjomba mtu wa Lindi angemuuliza tu yule kijana, "Yule mama wa Mikindani alikuwa nani kwako?", huenda barua hii isingeandikwa.)

Basi ufanye nini. Mjibu, kwa ufupi, na kwa maandishi. Ujumbe wa sauti utakutoa machozi au matusi, na vyote viwili vingoje. Mwandikie kitu cha namna hii kwa maneno yako: "Ujumbe nimeupata. Bado nina hasira na wewe. Likizo njoo, lakini ufikie kwa baba kwanza umpe mkono wa pole. Mengine tukionana." Neno la mama usiliulize humo. Ukiliuliza, safari yote itakuwa ya hilo neno, naye atakuwa mpeleka barua tu. Na akikuandikia kwamba hakuambii mpaka umsamehe, hapo nitabadilisha kauli yangu yote: neno la marehemu si kitu cha kubadilishana na msamaha, na mtu anayelitumia hivyo mwache kwanza akue.

Nasisitiza afikie kwa baba, kwa sababu mbili. Ya kwanza, deni lake si lako peke yako. Alikula nyumbani kwenu, kwa hiyo nyumba nzima inamdai. Akiingia barazani, akavua viatu, akasema "Shikamoo baba, nimekuja kuhani, nilichelewa", atakuwa ameanza kulilipa mahali panapostahili, na wewe hutalazimika kuwa hakimu peke yako. Asihangaike kukopa hela ya rambirambi. Ya pili ni baba mwenyewe. Umesema anabadilisha mazungumzo. Mwanamume aliyefiwa na mke, anayesema neno moja la Saidi kisha akahamia kwenye bei ya korosho, hajapona huyo. Mwambie mapema, "Baba, Saidi anataka kuja kutoa pole," na umwombe ampigie mjomba wa Lindi ili safari iwe ya ruhusa. Wazee wawili wakizungumza, mambo ya nauli na mahali pa kulala yatakwisha humohumo, na pengine baba atapata naye mtu wa kumsimulia habari za mkewe.

Wakishasalimiana, nendeni makaburini nyinyi wawili tu. Mng'oe majani, msome Fatiha. Huko ndiko mahali pa kumuuliza ya ukimya na ya Ilulu. Ukitaka kumfokea, fokea, ila mpishe na yeye amalize. Neno la mama lije mwisho, yeye mwenyewe akilitoa.

Halafu usikubali kuapishwa siku hiyo. Hujui kama mtarudi kuwa marafiki, wala yeye hajui. Tangu mlipoachana, wewe umekuwa mtu mwingine na yeye pia. Inawezekana mkakaa saa mbili mkaona mna mama mmoja wa kumkumbuka na hamna kingine cha kuzungumza. Inawezekana pia mkacheka mpaka baba akatoka kuangalia kuna nini. Vyovyote itakavyokuwa, atakuwa ametoa pole na wewe utakuwa umeipokea, na hakuna anayeweza kukulazimisha zaidi ya hapo. Ukiona humhitaji tena, mwambie mwenyewe kabla hajapanda gari la kurudi.

Usingizi, masomo na mbaazi. Haya hayamhusu Saidi, na akija leo hayataondoka kesho. Kufiwa na mama katikati ya sekondari kunaingia kwenye kila kitu, na mwaka wa mtihani huwa kunazidi, kwa sababu kila mtu anazungumzia matokeo na wewe unajua nani hatakuwepo kuyasikia. Shuleni mtafute mwalimu wa ushauri na unasihi, umwambie waziwazi kwamba ulifiwa na hujakaa sawa. Usisubiri akuone. Ukiona aibu kuzungumza na mtu anayekufahamu, piga 116, Simu ya Mtoto. Ni bure, na wewe kwa miaka 17 bado unahusika. Huko huna haja ya kuonekana mgumu.

Maana nahisi hujalia sawasawa. Umeandika kuhusu kilio cha wajomba na cha Saidi, chako sijakiona mahali. Kama kuna aliyekuambia mtoto wa kiume aliyetoka jando halii, mkumbushe kwamba Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya masahaba, na mmoja alipostaajabu akamjibu kwamba hiyo ni rehema. Mbaazi usijilazimishe, utazila siku utakayozila.

Ratiba yako ya kusoma ipange tangu sasa, na siku za Saidi uziweke mwanzoni mwa likizo, si katikati, ili likitibuka lolote ubaki na wiki za kutulia kabla shule haijafunguliwa. Na ujumbe wa kumjibu usiucheleweshe mpaka shule zifungwe, maana yule mjomba naye anahitaji muda wa kutafuta nauli.